Kaskazini kwa Reli ya Joban: Fukushima na Mpango wa Kurejea

Reli ya Joban hutoka Tokyo na kuandama pwani ya Bahari ya Pasifiki kuelekea kaskazini, na kipande chake kilichopo kati ya mji wa Iwaki na mji wa Minamisoma, katika mkoa wa Fukushima, ndicho kinachomwezesha msafiri kuona, kituo baada ya kituo, namna taifa moja lilivyojaribu kuwarejesha watu katika ardhi iliyoingiliwa na mionzi ya nyuklia. Kipande hicho kilikatika tarehe 11 Machi 2011 na hakikuunganishwa chote tena hadi tarehe 14 Machi 2020. Anayesafiri kutoka kusini hukikaribia chanzo cha maafa hatua kwa hatua, na kadiri anavyokikaribia ndivyo tarehe za watu kuruhusiwa kurudi zinavyozidi kuchelewa: Naraha mwaka 2015, Tomioka mwaka 2017, Okuma mwaka 2019, Futaba mwaka 2022. Ramani ya njia hiyo inasomeka kama kalenda, na kalenda hiyo ndiyo iliyoamua mambo mengi kuliko vipimo vya mionzi vyenyewe.

Kabla treni haijaondoka Iwaki, yafaa ajali yenyewe ielezwe. Saa 8:46 mchana wa siku ile, tetemeko la ardhi lenye ukubwa wa 9.0 lilitokea chini ya bahari, likafuatwa na mawimbi ya tsunami yaliyoufunika ukuta wa kituo cha umeme wa nyuklia cha Fukushima Daiichi, kilichokuwa na vinu sita na kuendeshwa na kampuni ya umeme ya Tokyo, TEPCO. Umeme wa kupozea vinu ulizimika, nishati ya nyuklia ndani ya vinu namba 1, 2 na 3 ikayeyuka, na gesi ya hidrojeni ikalipuka katika majengo ya vinu namba 1, 3 na 4 kati ya tarehe 12 na 15 Machi. Miongoni mwa vitu vilivyopeperuka, vilivyobaki kuwa na uzito kwa miaka mingi ni sesiamu za aina mbili: sesiamu-134, ambayo nguvu yake hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 2 hivi, na sesiamu-137, ambayo huchukua miaka 30. Zote mbili hushikamana na udongo, hasa udongo wa mfinyanzi, na hubaki katika sentimita chache za juu. Jambo hilo moja la kikemia ndilo lililoamua kwamba kurejea Fukushima kungekuwa, kwa sehemu kubwa, kazi ya kukwangua ardhi.

Dozi ya mionzi anayoipata mtu hupimwa kwa milisieveti, na taasisi za kimataifa za kinga dhidi ya mionzi hushauri kwamba baada ya ajali, wakati watu wanaendelea kuishi katika ardhi iliyoathirika, serikali ichague kiwango cha kulenga kati ya 1 na 20 kwa mwaka, kisha ikishushe polepole. Taasisi hizo hutofautisha kipindi cha dharura, ambapo watu huhamishwa na kukingwa haraka, na kipindi cha mpito, ambapo dharura hutangazwa kuisha na maisha mapya, pamoja na mionzi iliyobaki, huanza kupangwa. Ushauri wao ni kwamba mpango wa kipindi cha pili uandaliwe kabla ya ajali. Japani ilikuwa na mpango wa kipindi cha kwanza tu, na hata huo ulikuwa mfinyu: mazoezi ya kuhamisha watu yalihusu eneo la kilomita 8 hadi 10 kutoka kwenye kituo, na jengo la kuongozea dharura lilikuwa Okuma, umbali wa kilomita 5 hivi tu, bila vichujio vya kuzuia hewa yenye mionzi, kwa hiyo maofisa wake walilazimika kulihama tarehe 15 Machi na kwenda Fukushima mjini. Kuhusu nani angeamua watu warudi lini, kwa kiwango gani, kwa fidia ya nani, na udongo upelekwe wapi, hapakuwa na kitu. Sheria ya kuondoa uchafuzi wa mionzi ilitungwa Agosti 2011, watu wakiwa tayari wametawanyika.

Treni itokayo Iwaki hupita Hirono, kisha hukaribia J-Village, uwanja wa mazoezi ya soka wenye viwanja vingi vya nyasi ambao mwaka 2011 uligeuzwa kuwa kambi ya wafanyakazi waliokuwa wakiingia na kutoka katika kituo kilichoharibika. Nyasi zilifunikwa kwa changarawe, magari na mabweni ya muda. Uwanja ulifunguliwa tena wote mwaka 2019, na mbio za mwenge wa Olimpiki ya Tokyo zilianzia hapo tarehe 25 Machi 2021. Abiria anayeshuka leo haoni alama yoyote ya changarawe ile, na ni haki kusema kwamba pale ambapo ardhi ni ya taasisi moja, fedha zipo na hakuna anayelala usiku, urejeshaji hukamilika vizuri.

Naraha, mji unaofuata, ni habari nyingine. Mji huu wa watu wapatao 7,400 ulihamishwa wote, na amri ya kuhama iliondolewa tarehe 5 Septemba 2015, ukiwa wa kwanza kurudi miongoni mwa miji iliyotolewa watu wake wote. Kwa miaka minne na nusu nyumba zake zilikuwa zimeachiwa panya, ukungu na nguruwe mwitu. Waliorudi mwanzo walikuwa wazee. Familia zenye watoto zilikuwa zimekwisha andikisha watoto shule za Iwaki, wazazi wamepata kazi huko, na mtoto aliyeondoka akiwa darasa la kwanza alikuwa anakaribia kumaliza shule ya msingi akiwa na marafiki wasioijua Naraha. Leo zaidi ya nusu ya idadi ya zamani wanaishi hapo, wakiwamo wageni, na kwa kipimo cha eneo lile hayo ni mafanikio makubwa. Sababu yake inaonekana katika kalenda: Naraha haikuchelewa sana kama wengine.

Kutoka Naraha hadi Tomioka ni mwendo mfupi, lakini ndipo msafiri anapoanza kuelewa maana ya mistari. Tarehe 11 na 12 Machi serikali ilichora duara kuzunguka kituo, kwanza kilomita 3, kisha 10, kisha 20. Katika dharura duara ni kosa linalosameheka, kwa kuwa hakuna aliyejua upepo ungekwendaje. Baadaye, kati ya mwaka 2012 na 2013, duara lilibadilishwa kuwa ukanda wa aina tatu: ule unaotayarishwa kufunguliwa, ambapo dozi ya mwaka haikuzidi milisieveti 20, ule ambao watu wangeweza kuingia mchana bila kulala, kati ya 20 na 50, na ule wa kurejea kwa shida, zaidi ya 50, uliofungwa kwa mageti. Katika mtaa wa Yonomori, Tomioka, uliosifika kwa njia yake ndefu iliyofunikwa na miti ya cheri, mpaka kati ya ukanda na ukanda ulifuata barabara. Upande mmoja uzio wa chuma ulizuia milango ya nyumba, upande wa pili amri iliondolewa tarehe 1 Aprili 2017. Sehemu kubwa iliyobaki nyuma ya uzio ilisubiri hadi tarehe 1 Aprili 2023.

Mistari hiyo haikupima mionzi pekee, bali iligawa pia fedha. Aliyeamriwa kuhama alilipwa na kampuni yeni 100,000 kila mwezi kwa ajili ya mateso ya nafsi, mbali na fidia ya mali, na malipo hayo yalifuata ukanda na tarehe ya kufunguliwa kwake, hivyo majirani waliozoea kuazimana jembe walijikuta wana haki tofauti kwa sababu ya upande wa barabara. Walioondoka kwa hiari kutoka sehemu zisizokuwa na amri, wengi wao kina mama waliowachukua watoto, walipata kidogo sana, na msaada wao wa makazi ya bure ulikatwa Machi 2017. Mwandishi wa masimulizi haya haamini kwamba ugawaji wa namna hii ungeweza kukwepwa kabisa, kwa kuwa kila fidia inahitaji mpaka. Lakini mpaka wa kinga ya mionzi na mpaka wa fidia ni mambo mawili, na mpango wa taifa unaoyafunga pamoja humlazimisha mtu aone habari njema ya kupungua kwa mionzi kama habari mbaya ya kukatiwa riziki. Uchungu ulioingia kati ya watu wa Fukushima wenyewe ulitokana kwa sehemu kubwa na fundo hilo.

Baada ya Tomioka kuna Okuma na Futaba, miji miwili iliyokuwa mwenyeji wa kituo. Barabara ya taifa namba 6, inayokwenda sambamba na reli, ilifunguliwa kwa magari Septemba 2014, lakini kwa miaka mingi dereva hakuruhusiwa kusimama njiani, na kila barabara ya pembeni ilizibwa kwa geti. Kando ya barabara kuu ya mwendo kasi mabango ya umeme huonyesha mikrosieveti kwa saa, pale ambapo mahali pengine pangeonyeshwa joto la hewa. Upande wa bahari, kuzunguka kituo chenyewe, kuna eneo la hekta 1,600 ambalo ni hifadhi ya muda ya udongo uliokwanguliwa katika mkoa mzima. Udongo ulianza kupelekwa huko Machi 2015, katika magunia makubwa meusi ya mita moja ya ujazo yaliyokuwa yamerundikwa katika mashamba ya mpunga kila upande, na jumla yake sasa inakaribia mita za ujazo milioni 14. Wenye ardhi zaidi ya 2,000 waliombwa kuiuza au kuikodisha kwa serikali. Wengi walikuwa na makaburi ya wazee wao humo. Walikubali baada ya kupewa ahadi iliyoandikwa katika sheria ya mwaka 2014: kwamba udongo wote utaondolewa na kupelekwa nje ya mkoa wa Fukushima ndani ya miaka 30, yaani ifikapo Machi 2045.

Kwa upande wa kituo, ratiba iliyotangazwa ya kuvibomoa vinu ni miaka 30 hadi 40 tangu mwaka 2011. Ndani ya vinu hivyo mna tani zipatazo 880 za nishati iliyoyeyuka na kuganda pamoja na vyuma na saruji, na Novemba 2024 ndipo chembe ya kwanza ilipotolewa kwa roboti, yenye uzito wa chini ya gramu moja. Maji yaliyochujwa, ambayo bado yana tritiamu, aina ya hidrojeni yenye mionzi isiyoondolewa na vichujio, yalianza kumwagwa baharini tarehe 24 Agosti 2023 baada ya Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki kuukagua mpango huo. Wavuvi, waliokuwa wamejenga upya soko lao taratibu tangu mwaka 2012 kwa uvuvi wa majaribio na upimaji wa samaki, walipinga hadi siku ya mwisho. Takwimu za samaki ziliwatetea, ila mnunuzi wa mbali hanunui takwimu.

Futaba ndio mji unaostahili kukaliwa zaidi na fikra za mpangaji. Mwaka 2011 uongozi wake wote, pamoja na sehemu ya wananchi wake, ulihamia uwanja mkubwa wa michezo katika mkoa wa Saitama, kisha jengo la shule katika mji wa Kazo, kisha Iwaki, na ofisi ya mji haikurudi Futaba hadi Septemba 2022. Okuma iliendesha serikali yake kutoka Aizu-Wakamatsu, Namie kutoka Nihonmatsu, Tomioka kutoka Koriyama. Ilikuwa ni miji bila ardhi: meya, madiwani, daftari la wakazi na bajeti, na wananchi waliotawanyika katika mikoa karibu yote ya Japani. Sheria nyingine ya Agosti 2011 iliwaruhusu wakazi wa miji, vitongoji na vijiji 13 kubaki wameandikishwa kwao huku wakipata shule, chanjo na huduma za wazee mahali walipohamia. Katika mambo yote yaliyobuniwa baada ya ajali, hili halikuhitaji greda wala gunia, na pengine ndilo lililosaidia zaidi, kwa kuwa lilimwezesha mtu kutorudi bado bila kuonekana amekataa kurudi. Kasoro yake ni kwamba ilihesabiwa kuwa hali ya kupita, ilhali kwa maelfu imekuwa maisha yenyewe. Futaba ilikuwa na watu wapatao 7,000. Wanaoishi humo sasa ni mia mbili hivi, na katika maoni yanayokusanywa na Wakala wa Ujenzi Mpya, chombo cha serikali kuu kilichoundwa Februari 2012, zaidi ya nusu ya kaya zimekuwa zikijibu kwamba zimeamua kutorudi.

Karibu na bahari, katika mji huohuo, lipo jumba la kumbukumbu ya tetemeko na maafa ya nyuklia, lililofunguliwa Septemba 2020. Humo msafiri hukutana na hesabu inayopaswa kuwekwa mwanzoni mwa kila mpango wa aina hii. Katika mkoa wa Fukushima watu wapatao 1,600 waliuawa moja kwa moja na tetemeko na tsunami. Vifo vinavyotambuliwa rasmi kuwa vya baadaye, vilivyosababishwa na uhamaji wa ghafla, matibabu kukatika, baridi ya makambi, huzuni na kujiua, vimezidi 2,300. Kwa upande mwingine, kamati ya kisayansi ya Umoja wa Mataifa inayochunguza athari za mionzi, katika ripoti yake ya mwaka 2021, haikupata madhara ya kiafya kwa wakazi yanayoweza kuhusishwa moja kwa moja na mionzi ya ajali hiyo. Si halali kutumia ulinganisho huu kusema kwamba watu hawakupaswa kuhamishwa, kwa kuwa siku ile hakuna aliyejua vinu vingeishia wapi. Unachoonyesha ni kwamba kuhamisha nako kuna dozi yake, na kwamba mgonjwa wa kitandani na mzee anayetegemea dawa ya kila siku walihitaji basi lenye nesi, hospitali ya kufikia iliyojulikana mapema, na ruhusa ya kusubiri ndani hadi hivyo vipatikane.

Swali la kujiandaa mapema si la Japani peke yake. Kenya, inayopanga kinu chake cha kwanza cha umeme, ilitunga mwaka 2019 sheria iliyounda mamlaka ya kusimamia nyuklia. Na nchi isiyokuwa na kinu chochote bado ina mashine za tiba ya saratani, kama ilivyogundua Brazili mwaka 1987, mjini Goiânia, pale chombo cha sesiamu-137 kilichoachwa katika kliniki tupu kilipofunguliwa na wauza vyuma chakavu, watu wanne wakafa, zaidi ya 100,000 wakapangwa foleni kupimwa, na nyumba zikabomolewa. Kule nako taka ziliwekwa mahali pa muda kwanza, wakati jimbo likitafuta pa kuzizika.

Tukirudi kwenye reli, Namie, kaskazini mwa Futaba, ilikuwa na watu zaidi ya 21,000 na sasa ina zaidi ya 2,000. Shule ya msingi ya Ukedo, iliyo hatua chache kutoka baharini na ambayo wanafunzi wote waliokuwapo siku ile waliokolewa kwa kukimbilia kilima cha Ohira, imehifadhiwa ilivyo tangu mwaka 2021. Si mbali na hapo, juu ya ardhi ambayo kampuni nyingine ya umeme ilikuwa imeinunua ili kujenga kituo cha nyuklia, mpango uliofutwa mwaka 2013, sasa upo mtambo wa kutengeneza hidrojeni kwa umeme wa jua wenye uwezo wa megawati 10. Serikali huita juhudi hizi za viwanda, roboti na utafiti mkakati wa Pwani ya Ubunifu. Ajira zimekuja, na vijana kutoka mikoa mingine wamekuja nazo. Hata hivyo bajeti ya kujenga upya inayohesabu mitambo hupima uchumi wa eneo, na eneo laweza kustawi bila wenyewe.

Odaka, wilaya ya Minamisoma iliyofunguliwa Julai 2016, ilipata duka la vitabu mwaka 2018. Mwandishi Yu Miri, aliyekuwa ameendesha kwa miaka kipindi katika redio ya dharura ya Minamisoma akizungumza na waathirika, alihamia mkoani mwaka 2015, kisha akafungua duka hilo karibu na kituo cha treni ili wanafunzi wa sekondari wawe na mahali penye taa pa kusubiri treni jioni. Katika vitabu vya mipango jambo hili halina safu yake. Katika mji uliotoka kwenye giza la miaka mitano, lina uzito sawa na zahanati.

Kutoka Minamisoma msafiri huiacha reli na kupanda magharibi hadi Iitate, kijiji cha milimani kilicho sehemu kubwa nje ya kilomita 30, ambacho duara halikukigusa. Wingu la mionzi lilielekea kaskazini-magharibi tarehe 15 Machi, mvua na theluji zikaliangusha hapo, na wakazi, waliokuwa wakiwapikia wakimbizi waliotoka pwani, hawakupewa amri ya kuondoka hadi tarehe 22 Aprili. Mashamba yao yalikwanguliwa sentimita 5 za juu, zile walizozirutubisha vizazi kwa vizazi kwa samadi ya ng'ombe, na pakamwagwa mchanga wa mlimani. Misitu, ambayo ni karibu asilimia 70 ya mkoa, ilisafishwa kwa upana wa mita 20 tu kutoka kwenye nyumba, kwa kuwa msitu haukwanguliki bila kuuawa. Kwa hiyo uyoga wa mwituni, mboga za milimani na nyama ya nguruwe mwitu, chakula ambacho majirani walipeana bila kuuziana, vimebaki nje ya kiwango cha bekereli 100 kwa kilo kilichowekwa tangu Aprili 2012, wakati mchele wa mkoa, ambao kwa miaka kadhaa kuanzia mwaka huo kila gunia lilipitishwa chini ya kipimo, karibu magunia milioni 10 kwa mwaka, umekuwa safi kwa miaka mingi.

Katika kitongoji cha Nagadoro, sehemu ya mwisho ya Iitate kuwa na geti, amri iliondolewa kwa sehemu tarehe 1 Mei 2023. Sharti la wakazi wake kusafishiwa ardhi yao lilikuwa kukubali jaribio: udongo wenye mionzi hafifu, baada ya kuchambuliwa, umelazwa chini ya mashamba na kufunikwa kwa udongo safi wa takriban sentimita 50, na juu yake hupandwa mboga na maua ambayo hupimwa kila msimu. Wizara ya Mazingira inahesabu kwamba robo tatu ya udongo wa hifadhi ya muda ni hafifu kiasi cha kutumika hivyo chini ya barabara na mashamba popote Japani. Yalipopendekezwa majaribio madogo Tokyo na Saitama, wakazi waliyapinga. Julai 2025 mita chache za ujazo zilipelekwa katika bustani ya ofisi ya Waziri Mkuu, ili serikali ionekane imeanza kwake. Watu wa Nagadoro walikuwa wamekwisha kubali kabla ya wote, wakiwa wachache, wengi wao wazee, na njia nyingine ya kurudi kwao hawakuonyeshwa. Hadi mwaka 2025 hakuna mkoa mwingine uliokuwa umejitolea kuupokea udongo uliobaki, na miaka iliyosalia kabla ya Machi 2045 ilikuwa imepungua hadi 20.